Siku Nne Baharini Lamu: Uzoefu Wangu wa Boti ya Kifahari ya Mita 30

Mama yetu ni mzaliwa wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, na kwa miaka tisa hakuwa amekanyaga kwao, kwa sababu magoti yake hayawezi tena kupanda na kushuka mashua, na mgongo wake hauvumilii mapigo ya boti za kasi zinazobeba abiria kutoka Lamu. Februari iliyopita sisi watoto wake wanne tulichanga fedha tukakodi boti ya kifahari yenye injini mbili, urefu wa mita 30, kamra tano za wageni na mabaharia sita, kwa siku nne. Vijana wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, wanapoiona imetia nanga huiita meli tu. Naandika haya kwa ajili ya familia kama yetu, ambazo hudhani kwamba vyombo hivi ni vya watalii peke yao na wala haziulizi bei.

Boti haikufika gatini. Ilikuwa imetia nanga katika mkondo kati ya Shela na Ras Kitau ya kisiwa cha Manda, nasi tulipelekwa kwa boti ndogo ya mpira, na hapo ndipo nilipokuwa na hofu kubwa zaidi. Nyuma, upande wa tezi, kuna jukwaa pana lililo karibu sawa na uso wa maji, lenye ngazi mbili zilizowekwa vyuma vya kushikia. Mabaharia wawili walisimama jukwaani, wa tatu akabaki na Mama, na nahodha akatuomba tusimharakishe mtu. Waliacha mawimbi matatu yapite. La nne lilipoiinua boti ya mpira hadi ikalingana na jukwaa, yule wa tatu akasema, "Sasa, Bi Mkubwa," naye Mama akapiga hatua moja, kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Hakubebwa wala hakuvutwa mkono. Kama ningelazimika kutoa alama kwa jambo moja tu katika safari nzima, ningezitoa zote kwa hatua ile.

Njia fupi ya kwenda Pate ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara ambao mashua huupita maji yakijaa. Chombo chetu kinazama mita mbili chini ya maji, kwa hiyo nahodha hakutaka hata kuujaribu. Tulitoka hadi bahari kuu tukaizunguka Manda kwa upande wa mashariki. Tulikwenda kwa noti 10, yaani takriban kilomita 18.5 kwa saa, na mawimbi ya kaskazi yakatupata kwa omo, yaani mbele, kisha kwa ubavu. Chini ya maji, kila upande wa chombo, kuna pezi linalojigeuza lenyewe kuzuia mlalo, na kazi yake niliiona mezani: kikombe cha Mama kilikaa mahali pake, chai ikainama polepole upande mmoja, ikarudi, isimwagike. Yeye alikuwa ameketi sitaha ya juu, akitutajia miamba ya Manda ambayo utotoni aliiona akiwa chini kabisa, ndani ya jahazi, juu ya magunia ya nazi.

Hata hivyo, raha yenyewe haimo katika mwendo. Imo katika kutia nanga. Tulilala usiku tatu katika ghuba ya Manda, karibu na kisiwa kidogo cha Manda Toto, mahali penye kina cha mita nane, na nahodha akashusha mnyororo wa mita 40. Alinieleza kuwa uzito wa mnyororo uliolala mchangani ndio unaokishika chombo pamoja na nanga, na kwamba kwa sababu hiyo lazima kiachiwe nafasi ya kuzunguka kwa uhuru kadiri upepo na maji yanavyogeuka. Sikuelewa maana ya maneno hayo mpaka usiku ulipoingia. Mama alitaka kuswali isha sitahani. Kibla chetu Lamu ni kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu, na baharia mmoja alikuja na dira ndogo akamtandikia mkeka sawasawa. Alipoamka saa tisa usiku kuswali tahajudi, upepo umetulia na maji yanapwa, baharia wa zamu alikuwa tayari amekwisha kuuzungusha mkeka ule ule, kwa maana chombo kilikuwa kimegeuka na omo ikielekea kwingine. Alfajiri kilikuwa kimegeuka tena. Hakuna aliyemwagiza kijana yule. Nami, niliyelala nikitazama mikoko ya Manda kupitia dirisha la kamra, niliamka dirisha hilohilo likinionyesha Manda Toto na mtumbwi wa mvuvi ukipita katikati. Nyumba gani ya nchi kavu itakupa hilo?

Maji ya kuoga pia nataka kuyataja. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na humo ndani mna mtambo unaoyasukuma kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba mpaka chumvi ibaki nyuma. Sisi ambao maji yetu hutoka chini ya michanga ya Shela, na ambao tumefunzwa kuheshimu kila kata, tuliogea maji baridi matamu katikati ya bahari, na Mama akamuuliza fundi wa mitambo maswali kwa muda wa nusu saa nzima. Yule fundi alijibu yote, kisha akamteremsha polepole hadi kwenye chumba cha injini ili ajionee mwenyewe.

Chakula cha usiku wa kwanza hakikutufaa: tambi, jibini na mkate mkavu, vyote vimepangwa vizuri, lakini havikuwa vya kwetu. Kosa lilikuwa letu kwa kiasi, kwani tulikumbuka kuomba pombe iondolewe chomboni na nyama iwe halali, jambo walilolitimiza bila neno, lakini hatukusema tunakula nini. Kesho yake dada yangu mkubwa alinunua changu na tewa kutoka kwa wavuvi waliotupita, akaomba ruhusa ya kuingia jikoni, na mpishi akampisha kwa moyo mweupe. Samaki wa kupaka akachomwa kwenye jiko la makaa lililo nyuma ya sitaha, tui likitonea makaa, na harufu ile ikawaita mabaharia wote. Tulikula pamoja nao.

Siku ya tatu ndiyo iliyotupeleka Siyu. Boti ya mpira ilitufikisha gati la Mtangawanda saa nne na nusu asubuhi, maji yakiwa yamejaa, hivyo Mama alipanda vidato viwili tu. Gari likatuchukua mpaka mjini. Ya huko ni yake na ndugu zake. Nitasema tu kwamba alirudi jioni amechoka, akapanda lile jukwaa la tezi bila kushika mkono wa mtu, akaoga, akalala kabla ya chakula.

Kasoro zipo mbili, na ya pili ni nzito. Jenereta hufanya kazi usiku kucha kwa ajili ya viyoyozi, na mngurumo wake husikika katika kamra za nyuma; kamra za katikati ndizo tulivu zaidi, na ndizo zinazoyumba kidogo kuliko nyingine. Ya pili ni mafuta. Aliyetukodisha alitutajia bei moja, na siku ya mwisho akatuletea hesabu ya dizeli iliyoongeza karibu robo ya bei hiyo, akisema ndivyo ilivyo desturi ya biashara hii. Huenda ndivyo, lakini mtu aliyekusanya senti zake kwa mwaka mzima ana haki ya kuambiwa desturi hiyo kabla ya kutia sahihi. Ulizeni, na jibu liandikwe. Mkiombwa mwende kwa kasi zaidi, kataeni, kwa maana kuongeza mwendo maradufu hula mafuta mara nyingi zaidi ya maradufu.

Kwa atakayekodi: chagueni miezi ya kaskazi, baina ya Desemba na Machi, kwani kusi ikishika mwezi wa Julai bahari ya nje ya Manda haina subira na wazee. Kisha tazameni mwandamo wa mwezi na kuchagua siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana. Mikondo huwa dhaifu, na maji hujaa katikati ya asubuhi, saa ambayo mtu mzima anaweza kushuka gatini bila kuhangaika na ngazi zenye utelezi. Usiku, mkilala ghuba ya Manda, mtaziona ng'ambo taa za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021. Watoto wetu walizipenda. Mama aligeuzia kiti chake upande wa Pate.

Tumekwisha kuomba tarehe za Februari ijayo, na safari hii hesabu ya mafuta imo ndani ya mkataba. Mama ameomba jambo moja tu, kwamba kijana wa mkeka awe zamu ya usiku.