Kuhesabu seli nyeupe za damu: mashine au darubini?

Kwa maabara ya Tanga mjini inayopokea sampuli nyingi kwa siku, mashine ndiyo jibu. Geuza taratibu tyubu ya kizibo cha zambarau mara 8 hadi 10, isogeze kwenye sindano ya mashine inayofyonza damu, na majibu hutoka kwa dakika moja hivi. Huhesabu maelfu ya seli, kwa hiyo namba haiyumbi sana.

Kwa mkono, changanya mikrolita 20 za damu na 380 za maji ya Türk. Asidi yake hupasua seli nyekundu, rangi hutia viini zambarau. Subiri dakika chache, jaza chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia seli) bila kuacha povu, iache dakika 2 seli zitulie (feni izimwe, hata kwa joto la Tanga, isikaushe tone). Hesabu seli za miraba 4 mikubwa ya kwenye kona, zidisha kwa 50: seli 128 ni 6,400 kwa mikrolita. Ukihesabu 100 tu, bahati pekee hukuyumbisha kwa asilimia 10 hivi.

Mashine nayo hudanganyika. Bonge dogo la damu hushusha namba au huziba tundu. Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zilizoshikana huhesabiwa kama seli nyeupe. Kwa mgonjwa wa selimundu, seli nyekundu zenye viini huipandisha namba, na chemba haikuokoi hapo, maana nayo huona viini tu. Tengeneza slaidi uone seli hizo, kisha sahihisha namba. Umeme ukikatika, chemba na darubini ya kioo cha mwanga wa jua vinatosha.