Moneyball au Trouble with the Curve: hesabu au jicho la mzee?

Filamu zote mbili zinahusu besiboli ya Marekani, ila zinabishana. Moneyball (2011) inatupeleka Oakland, msimu wa 2002. Billy Beane, meneja mkuu wa timu ya Oakland, anayeigizwa na Brad Pitt, ana bajeti ya takriban dola milioni 40, huku Yankees, timu tajiri ya New York, wakitumia zaidi ya milioni 120. Basi anaacha kuuliza nani ana umbo zuri. Anauliza nani hufika besi (kituo cha kukimbilia) mara nyingi, hata kwa kungoja tu mipira mibaya minne, inayompa mpigaji besi ya kwanza bure. Scott Hatteberg, mdakaji (mchezaji wa nyuma ya mpigaji) aliyeumia kiwiko, anahamishiwa besi ya kwanza, na pigo lake ndilo linaloleta ushindi wa 20 mfululizo. Filamu inawapita kimyakimya warushaji hodari wa Oakland, Hudson, Mulder na Zito. Hapo imetupunja.

Trouble with the Curve (2012) inamtetea mzee. Clint Eastwood ni msaka vipaji ambaye macho yanafifia, lakini mlio wa gongo unamwambia kijana anayesifiwa na kompyuta hawezi kupiga mpira unaopinda. Inachangamsha, ingawa mwisho wake unatabirika mno.

Mimi nachagua Oakland. Angalau wao walitolewa raundi ya kwanza ya mtoano, na filamu haikuficha.