Mihadhara ya jioni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: muuguzi angepewa muda zaidi

Mihadhara kuhusu utambulisho, maisha ya chuoni na afya ya uzazi, ambayo chuo kimoja cha Dar es Salaam huwaandalia wanafunzi wapya mwanzoni mwa muhula, inafaa kuhudhuriwa hasa kwa ajili ya sehemu yake ya mwisho, pale muuguzi wa zahanati ya chuo anapojibu maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi bila majina.

Swali lililojirudia kuliko yote lilihusu P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ambavyo wengi huvinunua katika duka la dawa bila kuelezwa chochote. Muuguzi alieleza kwamba vidonge hivyo huchelewesha yai kutoka, ndiyo maana inapasa vimezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, na kwamba haviitoi mimba iliyokwisha kutunga wala havimkingi mtu na virusi vya Ukimwi. Kwa kuwa saa 72 hutajwa pia katika PEP, yaani dawa za kinga anazopewa mtu aliyekwisha kujiweka katika hatari ya kuambukizwa virusi hivyo, baadhi ya waliouliza walidhani ni dawa moja. Alizitenganisha kwa utulivu, akasisitiza kwamba PEP hutolewa katika kituo cha afya na humezwa kila siku kwa siku 28. Alikumbusha vilevile kwamba marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria ya Ukimwi yaliruhusu mtu kujipima virusi hivyo mwenyewe, na yakashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, lakini kipimo cha majimaji ya kinywani kinaweza kisione maambukizi ya wiki chache zilizopita, na kikionyesha maambukizi ni lazima majibu yathibitishwe kituoni. Hakumkaripia yeyote, na nadhani hilo ndilo lililowafanya wanafunzi waendelee kupeleka vikaratasi.

Mhadhara wa utambulisho ulisomwa kutoka kwenye karatasi, nao ulichosha, isipokuwa pale mzungumzaji alipogusia aibu ya mwanafunzi anayechekwa kwa lafudhi ya kwao, au anayejifanya ameshiba wakati bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa.

Udhaifu mkubwa ulikuwa katika mada ya maadili. Mtoa mada alitumia muda mrefu kuzungumzia mavazi ya wasichana na masponsa wa mjini, kana kwamba wavulana waliojaa ukumbini walikuja kusindikiza tu, kisha akaipitia rushwa ya ngono kwa sentensi moja. Hilo halikubaliki mbele ya wanafunzi ambao alama zao zitakuwa mikononi mwa watu wenye mamlaka juu yao. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kutoa haki au upendeleo, na namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupigwa bila malipo. Mambo hayo mawili yangeweza kusemwa kwa dakika moja, na yangemfaa msikilizaji kuliko nusu saa ya urefu wa sketi.

Kuhusu maandalizi, viti vilitosha na vipaza sauti vilisikika vizuri, ila ratiba ilichelewa kuanza, hivyo wanafunzi wanaopanga nje ya chuo, ambao ndio walio mbali na zahanati, walianza kuondoka kuwahi daladala kabla muuguzi hajapanda jukwaani. Waandaaji wangemtanguliza yeye, na hotuba za viongozi zikafuata kwa watakaobaki. Atakayehudhuria muhula ujao aandike swali lake mapema, kwa sababu kisanduku cha vikaratasi hupitishwa mara moja tu, na maswali yanayobaki bila kujibiwa hayarudishwi ukumbini siku nyingine.