TAHADHARI: Wenye magari ya zamani, mnauziwa karatasi ya alaimenti

Kuna utapeli unaofanyika kwenye baadhi ya gereji za alaimenti (kupanga pembe za matairi), na wanaoumia zaidi ni wenye magari yenye umri wa miaka 10 na kuendelea. Gari linaingia linavuta upande, linatoka na karatasi iliyojaa namba za kijani, halafu baada ya muda mfupi tairi limeliwa ndani mpaka waya unaonekana. Ukirudi unaambiwa barabara ni mbovu. Ukweli ni kwamba wakati mwingine hakuna nati hata moja iliyoguswa.

Anza na hiyo karatasi. Mashine inasoma vichwa, yaani vifaa vya kupimia, vilivyobanwa kwenye rimu. Fundi akivibana mshazari, au akiruka hatua ya kulisukuma gari nyuma na mbele ili mashine ifute kosa la rimu iliyopinda, namba zinaweza kutoka nyekundu hata kama gari ni zima. Akivibana tena vizuri, namba zinakuwa kijani, anakuchapishia "kabla" na "baada". Wengine wanaacha pini za sahani za chini ya matairi ya mbele zikiwa zimechomekwa, tairi haliwezi kutulia kwa uhuru, na vipimo vya mbele haviaminiki.

Dawa yake ni rangi ya kucha. Kabla ya kupeleka gari, geuza usukani mpaka mwisho uone nyuma ya tairi la mbele. Utaona fimbo inayotoka kwenye reki ya usukani kuja kwenye tairi: hiyo ndiyo tairodi, na karibu na ncha yake kuna nati ya kufungia. Safisha kwa brashi ya waya, kisha chora mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya fimbo, nati na tairodi endi (kiungo cha mwisho kinachoshika tairi). Fanya hivyo pande zote mbili na upige picha. Karatasi ikisema tou imerekebishwa huku mstari umenyooka vilevile na kutu kwenye nyuzi za skrubu haijakwaruzwa, umetapeliwa, na ushahidi unao mkononi.

Tou ni jinsi matairi mawili yanavyotazamana kwa mbele, yakikaribiana au yakiachana. Ndiyo inayokula tairi kwa kasi kuliko pembe nyingine. Tairi lililopishana na mwelekeo wa gari kwa nusu digrii tu linaburuzwa ubavu karibu mita 9 katika kila kilomita moja.

Sasa angalia kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje. Magari mengi ya zamani yenye shokapu za kusimama mbele hutoka kiwandani bila pa kurekebisha kemba wala kasta (mhimili wa kugeuzia tairi kulalia mbele au nyuma). Kinachorekebishwa pale mbele ni tou peke yake. Karatasi ikionyesha kemba imehama digrii nzima na hakuna bolti ya kurekebishia iliyofungwa, muulize fundi akuonyeshe kwa kidole alichokizungusha. Kama hana cha kuonyesha, namba hizo ni za kubuni au kipimo kimoja kilikuwa kibovu.

Kuna ujanja mwingine ambao kwa maoni yetu ni mbaya zaidi, kwa sababu unagusa usalama. Nati ya tairodi kwenye gari la zamani huwa imeshikwa na kutu. Badala ya kuipulizia dawa na kuisubiri, fundi anang'oa usukani na kuurudisha meno kadhaa pembeni ili uonekane umekaa sawa. Matairi yanabaki vilevile. Kwenye gari lenye eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), waya wa kujikunja ulio nyuma ya usukani una idadi maalumu ya mizunguko. Ukifungwa nje ya katikati yake, siku utakapokata kona mpaka mwisho unaweza kukatika. Ukikatika, taa ya eabegi inawaka na honi inaweza kufa. Kugundua ni rahisi: weka matairi sawa, hesabu mizunguko ya usukani mpaka mwisho wa kulia, rudi, kisha hesabu kushoto. Zinapaswa kulingana. Chungulia pia nyuzi za tairodi zilizo wazi: upande mmoja ukiwa umebaki na nyuzi tatu na mwingine kumi na mbili, mtu amekuwa akirekebisha upande mmoja tu.

Ukisikia habari ya kunyoosha tairodi au amu (mkono wa chuma unaobeba tairi) kwa moto wa gesi, ondoka. Chuma cha usukani kikishapashwa moto na kukunjwa hakina tena nguvu yake ya awali, na kikikatika hakikupi nafasi ya pili.

Halafu kuna wanaouza vipuri visivyohitajika kwa kukutikisia tairi. Gari linanyanyuliwa, fundi anashika tairi kushoto na kulia, anatikisa, tairi linacheza, unaambiwa tairodi na reki zimekwisha. Mtazame usukani wakati anatikisa. Kama unazunguka pamoja na tairi, hapo hujaonyeshwa ubovu wowote; huo ni mwendo wa kawaida wa usukani usiofungwa. Uchezo wa kweli unausikia kwa kidole. Gari likiwa juu ya stendi imara, gusa kiungo cha tairodi endi wakati mwenzako anatikisa taratibu: ukisikia "tik" na kiungo kinaruka kabla fimbo haijafuata, kimekwisha. Ukishika tairi juu na chini likacheza, mwambie mtu akanyage breki. Uchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi (kiungo cha duara kinachounganisha tairi na amu). Hakikisha pia kotapini (pini inayozuia nati isifunguke) ipo na nati haijalegezwa makusudi kabla hujaitwa kuangalia.

Kwa bushi, yaani mipira ya maungio ya amu, wanatumia mtaimbo. Mpira wowote ukisukumwa na mtaimbo mrefu utasogea kidogo na kurudi. Bushi mbovu imechanika mpaka ndani, au chuma kinagonga chuma, au amu imekaa upande badala ya katikati. Usikubali kupakiwa grisi ili kelele zinyamaze, kwani mpira wa asili huvimba na kuoza ukiloa mafuta ya madini. Na ukibadilisha, sisitiza bolti za amu zikazwe gari likiwa limekalia matairi yake. Zikikazwa gari likining'inia, mpira unajisokota kila siku na unachanika mapema.

Mpangilio sahihi kwa gari la zamani ni huu: upepo, kisha uchezo, kisha urefu wa springi, na alaimenti mwisho. Gereji inayopandisha gari kwenye mashine bila kulinyanyua kwanza na kutikisa kila kiungo inafanya kazi ya bure, maana kiwango cha tou kwa magari mengi kinaruhusu kupishana milimita chache tu. Tairodi yenye uchezo wa milimita 2 itakupa jibu jipya kila ukiipima. Urefu upime mwenyewe, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Tofauti ya zaidi ya milimita 15 inaashiria springi imelala, na springi iliyolala inabadilisha kemba na tou kwa pamoja.

Na kabla ya kulipia chochote, soma tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) kutoka ndani kwenda nje, kisha rudisha. Zikiwa laini upande mmoja na kukwaruza kama msumeno upande mwingine, tou imehama. Bega moja likiwa kipara, shuku kemba. Mabega yote mawili, upepo ulikuwa mdogo. Katikati, ulikuwa mwingi. Mashimo mashimo ni shokapu au balansi (usawa wa uzito wa tairi). Usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa kwa kawaida unahitaji balansi, na alaimenti haitautibu.

Gari likivuta upande, badilishana matairi ya mbele kulia na kushoto kama hayana mshale wa mwelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, ubovu uko kwenye tairi. Kama halijabadilika, endesha bila kubana breki sana, simama, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayoshika.

Kama tayari umefanyiwa na huwaamini, rudi na picha zako. Omba vichwa vivuliwe, vifungwe upya, gari lisukumwe nyuma na mbele, na lipimwe tena mbele yako bila kurekebisha kitu. Namba zinapaswa kukaribiana sana na za karatasi uliyopewa. Zikipishana sana, dai hela yako na usiwaruhusu kushika nati nyingine.