Tatuus T-421: misimu miwili na gari la F4, nalipatia nyota nne

Watu wameniuliza sana hili gari likoje, hasa mzee mmoja wa Arusha anayeishi huku ambaye mwanae ametoka kwenye karti (vile vigari vidogo vya mbio) na sasa anataka kupanda F4, yaani Formula 4, ngazi ya chini ya magari ya mbio ya Formula, basi naandika mara moja nisirudie rudie. Mimi ni fundi wa wikiendi kwenye kitimu kidogo hapa Uingereza, katikati ya wiki nafunga breki za malori, spana nilijifunzia Gerezani. Siyo injinia, sijui kompyuta zao. Najua kufungua, kufunga na kutafuta ufa.

Injini ni Abarth 1.4 ya tabo, farasi 180 hivi, gia unabadili kwa vidole kwenye usukani. Haina shida, tuiache hapo. Mzee hakuniuliza mwendo hata mara moja, swali lake lilikuwa moja tu, dogo akigonga itakuwaje, na ndo swali la maana kwa gari la mtoto wa miaka 15.

Kabla ya hili F4 zilikuwa kizazi cha kwanza, zile zilizoanza Italia 2014, za huku zilikuwa Mygale na injini ya Ford. Tabu yake ilikuwa kaboni tayari, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka (tabu ndo lile ganda analokaa dereva, mafundi wa huku wanaliita hivyo na siku ya ajali utaona jina limelifaa). Lakini juu hamna kitu, kichwa kiko wazi. Halafu ikaja ajali ya uwanja wa Donington huku, tarehe 16 Aprili 2017, dereva wa F4 Billy Monger ana miaka 17, kuna gari limesimama njiani, waliomtangulia wamelikwepa dakika ya mwisho, yeye hakuliona mpaka limeshafika, akaingia nalo kwa nyuma. Walihangaika kama saa moja na nusu kumtoa, akakatwa miguu yote miwili. Huyo kijana alirudi kuendesha mwaka uliofuata kwa vidhibiti vya mkononi, na 2019 akashinda mbio za Pau kule Ufaransa, mimi nikiumwa mafua tu nakaa nyumbani.

Naileta hiyo ajali kwa sababu watu wakisikia gari limepita kreshi testi wanadhani limemaliza kila kitu. Ile testi pua inafungwa kwenye tabu, inaachiwa kwenye ukuta, pua isagike kidogokidogo ile nguvu imalizikie mule na tabu yenyewe ibaki nzima. Sawa kabisa. Ila ukuta ni bapa, na nyuma ya gari la mwenzio siyo bapa, kuna gia boksi, kuna vyuma vimechomoza, pua inapigwa sehemu moja badala ya uso mzima. Na nyuma ya pua kuna nini? Miguu ya mtoto.

Kwenye hili jipya hapo pameangaliwa, pua imeimarishwa, mbele na ubavuni kuna kinga ya ziada isichomwe na kitu, na nafasi ya ndani imeongezwa kwa hiyo dogo mrefu haendeshi magoti yakiwa kidevuni. Na juu kuna halo, ule upinde mgumu wa kukinga kichwa cha dereva. Wakati inatoka watu waliicheka wakaiita kandambili, na kweli ukiitazama toka mbele ni kandambili imegeuzwa. Mimi sikucheka. 2009 pale uwanja wa Brands Hatch dereva Henry Surtees, miaka 18, alipigwa kichwani na gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwenzie lililogonga ukuta, yeye hakuwa amekosea chochote, alikuwa anapita zake. Akafariki. Gurudumu lile na kichwa kile, katikati hamkuwa na kitu.

Sasa malalamiko, maana nyota ya tano nimeinyima kwa sababu hii.

Bomba la chuma likigongwa linapinda, unaliona, unakata, unachomelea upya, mtu wa Gerezani analimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kaboni haipindi. Inaweza kuachana ndani kwa ndani, tabaka na tabaka, na nje rangi inang'aa kama harusi. Msimu uliopita tulikwenda kuangalia tabu moja ya mtumba, muuzaji simtaji, anasema ilipata mguso tu kwenye changarawe. Bosi wangu ameshaanza kutabasamu, ameiona bei. Mimi nikatoa shilingi mia mbili yangu ya nyumbani, nikaanza kuigonga pole pole kuanzia kwenye halo kwenda mbele, ti ti ti ti, sauti kavu nyembamba, nzuri. Nikashuka ubavu wa kushoto usawa wa goti la dereva, ti ti ti, afu dup. Nikarudi nyuma, ti ti. Nikaenda mbele, dup dup, sehemu ya upana wa kiganja. Nikamwangalia muuzaji, naye akaangalia viatu vyake. Hukuona mkwaruzo hata mmoja pale, walishapaka rangi na stika juu. Sarafu haimalizi kazi, inatakiwa ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya altrasaundi aithibitishe, ila inakwambia usitoe hela leo.

Kwa hiyo gari jipya ni imara, gari lilelile likishagongwa mara tatu na kupita mikono miwili ni gari lingine kabisa na jina ni lile lile. Kulitengeneza vizuri lazima kwa wanaojua kaboni, bei yake utaanza kufikiria kiwanja cha Kigamboni.

Vyuma vya saspensheni angalau ni vyuma. Sisi kila akigonga, hata kidogo, tunavua wishboni zote (ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu), tunaosha, tunapulizia ile dawa nyekundu, tunasubiri, tunafuta mpaka pasafi, tunapulizia ile nyeupe kama chaki. Kama kuna ufa, nyekundu inachungulia kwenye nyeupe, mstari mwembamba kama unywele. Nimewahi kuupata pembeni ya weldi, gari lilikuwa limemaliza mbio vizuri tu na dogo hakuhisi chochote. Angalia na zile kamba za kushika magurudumu, usiziache zikasugua kwenye kona ya chuma. Kamba iliyochubuka tupa, usinibishie.

Na mzee wangu, kuna vitu gari halivimalizi. Dereva Alex Peroni, uwanja wa Monza 2019, ile ni F3, ngazi ya juu kuliko hii, alipanda lile tuta la njano la pembeni, gari likaruka likapinduka hewani mpaka kwenye uzio, na halo ilikuwepo, akatoka na uti wa mgongo umevunjika pingili moja. Hilo tuta nani aliliweka? Uwanja wa Spa 2023 kwenye mvua, dereva Dilano van 't Hoff, gari la ngazi inayofuata baada ya hii na lina halo, lilizunguka likasimama mbele ya wengine wasioona kitu kwa ukungu wa maji, likapigwa ubavu. Akafariki, miaka 18. Hapo tatizo lilishakuwa ni kuachia watu wakimbize kwenye maji yale.

Ukinunua, nunua jipya au la mtumba lenye kitabu chake cha ajali, na siku ya kwenda kuliangalia nipitie, sarafu ninayo mfukoni.