Boksi la TV lipi ununue? Uliza Widevine kwanza

Ujumbe unaonifikia zaidi siku hizi ni huu: "Dada, nimefunga faiba, nimenunua boksi la 4K, lakini Netflix ni ukungu mtupu. Nihame kampuni ya intaneti?" Usihame. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Kama YouTube inateleza vizuri na Netflix ina ukungu, mchawi ni boksi.

Kwa hiyo leo sihesabu matundu ya USB wala RAM. Nataka tuongelee Widevine, kufuli ya Google inayozuia filamu za kulipia zisidurufiwe. Ngazi yake ya juu ni L1, ambapo filamu inafunguliwa ndani ya sehemu salama ya chipu. Ya chini ni L3, ambapo kazi yote inaachiwa programu. Netflix ikikuta L3 inakushusha hadi 480p, hata uwe umelipia kifurushi cha juu kabisa na TV yako iwe ya inchi 75. Halafu L1 peke yake haitoshi, maana Netflix lazima wawe wameidhinisha modeli hiyo. Maboksi mengi yaliyoandikwa "8K" kwa rangi ya dhahabu hayana idhini hiyo.

Ukiomba kujaribu dukani, muuzaji atakufungulia YouTube: maporomoko ya maji, kasuku, magari ya Dubai. Video hizo za bure hazihitaji L1, kwa hiyo hapo hujajaribu kitu. Mwambie apakue DRM Info kutoka Play Store, usome ngazi ya Widevine kwa macho yako, kisha afungue Netflix yenyewe. Akikujibu "sista, hayo mambo ya mafundi," aga uende.

Namba moja kwangu ni Nvidia Shield, na upendeleo wangu siufichi. Ya kwanza iliingia sokoni 2015 ikiwa na Android 5. Mwaka 2022 boksi hilohilo likapata Android 11, na 2025 Nvidia walikuwa bado wanalitumia masasisho. Nionyeshe simu iliyotunzwa hivyo! Toleo la 2019 halisomi AV1, ile njia mpya ya kubana video, sawa, lakini kwa Netflix ya 4K halina shida. Masasisho si urembo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011, na vioo vyake vilikuwa bado vizima.

Ya pili ni Apple TV 4K. Apple wana kufuli yao, FairPlay, kwa hiyo habari za L1 hazikuhusu. Apple TV HD ya 2015 ilipata masasisho hadi tvOS 26, mfumo endeshi wa Apple TV. Kama nyumba nzima mnatumia iPhone, nunua hii.

Ya tatu ni Google TV Streamer ya 2024. Boksi zuri, ila Google nawaangalia kwa jicho la pembeni: Machi 2025 Chromecast za 2015, vifaa vyao vya kurushia video kwenye TV, viligoma ghafla kwa sababu cheti cha ndani kilikuwa kimeisha muda. Walirekebisha baada ya siku kadhaa, baada ya watu kupiga kelele.

Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili ina idhini ya Netflix na bei ya mwananchi. Ila usitegemee itunzwe miaka mingi. Mi Box S ya 2018 ilianza na Android 8.1 ikaishia 9.

Yale ya bei chee yasiyo na idhini ya Google, hapana. Juni 2025 FBI ilionya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu unaoteka vifaa vya nyumbani, na baadhi ya vifaa vilikuwa na programu hasidi kabla hata havijafika dukani.

Sasa bei. Shield ndogo ilitangazwa kwa dola 149 huko Marekani. Huku kwetu Dar kila muuzaji ana hesabu yake, risiti ya EFD mpaka mgombane, na warantii inaishia mlangoni. Wa Instagram ndio kabisa: bei "njoo inbox", ukienda inbox anakuuliza kwanza uko wapi. Ukisema Masaki, bei inapanda. Mimi nawaambia niko Mbagala.