Siku nzima kwenye boti Kalangala, kwenye maji yasiyopwa

Nimezaliwa Tanga. Kwetu, mtu akisema twende pwani, kwanza unauliza maji yanajaa saa ngapi. Sasa nina miaka sita Kampala, na ni mwezi uliopita tu ndipo nilipofika visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, mimi, mume wangu na wifi yangu. Tulikodi boti ya siku nzima kuzunguka kisiwa cha Bugala, ulipo mji wa Kalangala, tukitafuta fukwe zisizo na watu. Naandika kwa yeyote anayefikiria kufanya hivyo.

Tulipanda meli Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, tukashuka Lutoboka, bandari ya Bugala, jua likikaribia kuzama. Boti tulitafutiwa na nyumba ya wageni: shilingi 200,000 za Uganda, mafuta juu yetu. Boti ya mbao, injini moja nyuma, turubai la kivuli.

Asubuhi tulikuta majaketi ya kuokoa maisha mawili kwa watu watatu, na moja mkanda wake umekatika. Wifi alininong'oneza tusiwasumbue watu. Mimi nilikataa kupanda. Mwaka 2018 peke yake ziwa hili lilichukua watu zaidi ya 200 kivuko kilipopinduka pale kisiwani Ukara, Tanzania, mwezi Septemba, halafu zaidi ya 30 boti ilipozama upande wa Mukono, Uganda, mwezi Novemba. Sikuja Kalangala kubahatisha. Mzee wa boti, aliyejifunza Kiswahili chake kwa wavuvi wa Mwanza, alisema, "Mama, una haki," akamtuma kijana. Tulingoja karibu saa nzima, lakini tukaondoka kila mtu na jaketi lake limefungwa vizuri. Hapo wenye boti nawapunguzia alama. Mteja hapaswi kudai kitu hicho.

Ufukwe wa kwanza, karibu na Lutoboka, sikuupenda sana. Maji ya Victoria yalipopanda mwaka 2020 yalikula mchanga mwingi, na bado kuna miti mikavu imesimama majini.

Wa pili ndio ulionipeleka hadi kuandika haya. Tulikata rasi moja, injini ikazimwa, na boti ikateleza yenyewe hadi mchangani. Ufukwe mfupi, pengine hatua mia mbili, msitu umeshuka hadi karibu na maji. Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu akilia ule mlio wake wa kupasua anga, na tumbili wakitutazama kutoka matawini. Hakuna kiti, hakuna muziki, hakuna alama ya mguu ila zetu. Nilivuta pumzi nikitegemea harufu ya chumvi na mwani, nikapata harufu ya majani mabichi. Nilitafuta mashimo ya kaa kama nilivyozoea, sikuona hata moja. Kwa mazoea yaleyale nilichomeka kijiti ukingoni mwa maji, kama baba alivyokuwa akitufanyia utotoni ili tujue bahari inakuja au inakwenda. Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Kijiti kilikuwa palepale, maji yakikilamba tu. Kwa mtu wa bahari, kitu hicho kinatuliza kwa namna ambayo sikuitegemea: hakuna anayekuharakisha.

Nilimuuliza mzee mbona msitu umebaki hivi. Akanijibu kwamba watu waliwahi kuondolewa visiwani kwa sababu ya malale. Ni kweli: mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa Ssese, na wengine walirudi baada ya miaka mingi. Siku hizi ukitazama kutoka majini unaona pia michikichi, mistari kwa mistari, imepanda vilima ambavyo zamani vilikuwa msitu. Iliniuma kuona hivyo, ingawa najua kuna familia zinazokula kwa zao hilo.

Sasa kuhusu kuogelea. Aliyetupokea alituambia maji ni salama kabisa. Si sahihi kumwambia mgeni hivyo. Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, hata ukiingia magotini tu. Mzee ndiye aliyetuambia ukweli, akatuonyesha magugu ya kukwepa, lakini hata penye mchanga mtupu hakuna uhakika. Mume wangu aliogelea. Mimi na wifi tulikanyaga maji wakati wa kushuka na kupanda, kwa hiyo sote watatu tutakwenda kupimwa wiki chache zijazo, maana ukipima mapema mno ugonjwa unaweza usionekane. Dawa ipo na inatibu. Nenda ukijua, basi.

Chakula tulikula kwenye mwalo wa wavuvi: sangara wa kukaanga, ambaye huku wanamwita mputa, na ndizi. Kando yetu dagaa walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, weupe kama fedha. Pia kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaruka kwa makundi kama moshi. Funga mdomo.

Ufukwe wa tatu tuliuona kwa mbali tu. Upepo ulikuwa umeanza, mzee akatazama maji, akageuza boti bila kutuuliza, na nilimshukuru kwa hilo. Tulifika Lutoboka saa kumi kasoro, nguo zimelowa mikononi.

Desemba tunarudi na watoto. Nimeshaomba mzee yuleyule, na majaketi matano, mawili ya saizi ya mtoto, nitakayoyakagua jioni ya kuamkia safari.